Turbo haifi kwa uzi wa bolti moja

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba turbo ya gari, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, ikianza kuvuja oili usihangaike na mafundi, nunua nyingine. Maneno yale yameniuma. Mimi ni fundi makenika hapa Ipogolo, Iringa, mwaka wa 22 sasa, na magari mengi ninayoyafungua yametoka kupanda mlima wa Kitonga yakiwa na mzigo. Turbo iliyokufa naijua. Ila nyingi ninazoona zikitupwa zilikuwa hazijafa. Kilichokufa ni uzi wa tundu la bolti, yaani meno ya ndani yanayoishika bolti.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja anayepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni. Canter yake ilikuwa inatoa moshi wa bluu, na huko alikotoka ameambiwa aandae laki tisa za turbo ya mtumba. Alishaanza kukopa. Nikalala chini ya gari na tochi. Lile bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye injini lilikuwa limefungwa kwa waya, silikoni nyekundu imelizunguka pande zote. Bolti moja imekaza, ya pili inazunguka tu, haishiki.

Nikaishusha turbo, nikashika shafti, ule mhimili wa katikati unaozunguka, kwa vidole: haichezi, inazunguka laini kabisa. Nikamwambia, "Mama, turbo yako nzima."

Akanijibu, "Nzima vipi, mwanangu, na moshi wote ule?"

Moshi ulikuwa na sababu yake. Oili inaingia kwenye turbo kwa msukumo wa pampu, lakini inatoka kwa kuteremka yenyewe. Silikoni iliyobanwa ilikuwa imeingia ndani ya bomba, ikakauka na kuziba karibu nusu ya njia. Oili ikikosa pa kushukia inajaa, inapenya kwenye pete za shafti na kwenda kuungua kwenye eksozi. Tundu lililoliwa uzi likaleta silikoni, silikoni ikaleta moshi, na moshi ukadai laki tisa.

Bolti ile ni ya milimita 8, inafunguliwa kwa spana namba 12. Tundu linatobolewa upya kwa biti ya milimita 8.3, na drili lazima isimame wima. Ndiyo maana kazi hii siifanyii kwenye gari: turbo inashuka, inabanwa kwenye jiliwa, na matundu mengine yote yanazibwa kwa kitambaa safi. Biti naipaka grisi ili unga wa chuma unate pale pale. Kisha napiga tapu, chombo cha kukata meno, maalumu ya helikoili, si ya kawaida, nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Helikoili yenyewe ni springi ndogo ya waya wa chuma kisichoshika kutu. Unaizungusha hadi izame kidogo chini ya uso wa chuma, na ndani yake bolti ya kipimo kile kile inapata meno mapya. Kwa chini ina kimkia. Kinavunjwa kwa kugongwa mara moja, na mimi sifungi chochote mpaka nikione kiganjani mwangu. Shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili. Kipande cha waya kikiingia humo, hapo ndipo utanunua turbo kweli.

Mama alilipa elfu sitini, gasketi ikiwemo. Canter ile inapanda Kitonga hadi leo na haina moshi.

Upande wa eksozi ni habari nyingine, na nisimdanganye mtu. Helikoili ya kawaida siiweki kule. Joto la pale ni kubwa mno kwa waya ule. Nampelekea fundi wa kukereza anichongee bushi ya chuma yenye uzi ndani na nje. Stadi mpya, ile bolti isiyo na kichwa, naipaka grisi ya shaba, ili siku ya kufungua isiwe imeshikana.

Lakini wenzangu mafundi, nyuzi nyingi tunaziua wenyewe. Bolti ya milimita 10 ya magari ya Kijapani mara nyingi ina milimita 1.25 kutoka jino hadi jino. Ile ya duka la vifaa vya ujenzi kwa kawaida ni 1.5. Kwa macho zinafanana. Unaiingiza, inakwenda mizunguko miwili, inagoma, na hapo mtu anachomeka paipu kwenye mkono wa spana ili apate nguvu. Mzee aliyenifundisha kazi, aliyetoka karakana ya reli Morogoro, hakuturuhusu kugusa spana kabla bolti haijaingia kwa vidole hadi mwisho. Ukiwahi kushika spana, anakunyang'anya na unakaa pembeni siku nzima.

Nanyi wenye magari, stadi yenye kutu inataka kulowekwa dawa ya kulegeza kutu usiku kucha. Mkitupigia simu kila nusu saa mkitaka gari jioni, inakatikia ndani.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wauza spea wa mikoani. Seti ya helikoili ya milimita 8 na ya 10, yenye biti, tapu na springi zake, hapa kwetu siipati. Naagiza Kariakoo na kusubiri basi. Kwa kazi ya yule mama nilisubiri siku mbili, gari liko juu ya mawe na vitunguu vyake vimehamishiwa gari la kukodi. Leteni seti hizo. Mimi nitanunua, na hapa Ipogolo nawajua mafundi wengine wanne watakaonunua siku hiyo hiyo.

Fundi makenika,
Ipogolo, Iringa