Mama, mimi si ndiye steringi?

Ipagala, Dodoma

Mpendwa Mama Neema,

Habari za Mpwapwa, shemeji na watoto? Sisi wazima, ila upepo wa Agosti unatujaza vumbi mpaka kwenye masufuria. Jumapili ulipopiga ukanisikia sipo sawa, nikakukatia simu. Niliona aibu. Leo acha nikueleze.

Jumamosi nilikuwa naanua nguo nikasikia mtoto wa dada analia, kilio cha maumivu hasa, si cha deko. Kumbe Elisha kamfunga kwenye mwarobaini kwa khanga yangu, mikono nyuma, na kijiti amemkandamizia juu ya jicho. Damu imeshafika kwenye kope. Naye anaunguruma kama DJ anayetafsiri sinema: "Leo utajuta kuzaliwa!" Nilipomnyang'anya kijiti hakuogopa. Alinishangaa tu, akauliza, "Mama, mimi si ndiye steringi?"

Ana miaka sita, mwenzangu.

Kumbe kila nikimtuma dukani alikuwa anapitia kibanda umiza cha sinema nyuma ya mashine ya kusaga, mia mbili tu anaingia. Nilimfuata mwenye kibanda, tukagombana. Lakini usiku usingizi ulinikimbia. Nilikumbuka Elisha alivyoanza kurusha mateke sebuleni, mimi na baba yake tukacheka, tukamwita na mjomba wake aje kuona.

Unamkumbuka Albert Bandura, yule mwanasaikolojia tuliyemsoma chuo cha ualimu? Mwaka 1961, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watoto 72 wa chekechea, baadhi yao wakamwona mtu mzima akimtwanga mwanasesere wa upepo kwa nyundo. Walipoachwa na mwanasesere huyo, nao wakamtwanga vilevile, hata maneno wakayarudia. Tulikariri, tukafaulu mtihani, basi. Kinachoniuma sasa ni lile jaribio lake la 1965. Walioonyeshwa filamu ambayo mpigaji anaadhibiwa waliiga kidogo kuliko wenzao. Ila walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe walichokiona, tofauti ikafutika. Yaani yote yalishawaingia kichwani, walikuwa wakitazama tu kama kuna atakayewafurahia.

Na Elisha sisi ndio tuliomfurahia. Sinema zenyewe ndivyo zilivyo: steringi anaua watu ishirini, ukumbi unapiga makofi, na wale ishirini hakuna anayewalilia.

Sisemi kila anayetazama atakuwa katili. Na wewe na mimi tuliangalia mikanda ya karate kwa jirani, lakini bibi alikuwa amekaa nasi mkekani, akiuliza kila mara, "Sasa huyo kamkosea nini?" Elisha anakaa gizani na vijana wa miaka ishirini.

Nilichukua fimbo nimchape, mkono ukagoma. Kumpiga ili aelewe kwamba kupiga ni kubaya? Badala yake nimempa kazi: kila asubuhi anamsafisha mwenzake kidonda kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, mimi nikiwa pembeni. Siku ya kwanza alinuna. Ya pili mwenzake aliruka kwa uchungu, Elisha naye akarudisha mkono haraka kama kaungua. Leo ni ya nne. Sijamaliza hata kuchochea mkaa, kaja na kibakuli mkononi: "Mama, chumvi iko wapi?"

Neema anaangalia nini kwenye simu yako ukiwa jikoni? Niandikie.

Wako,
Mama Elisha