Mwanangu, ya Buguruni yasikutie hasira

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku Mbagala hatujambo, mdogo wako homa imemwacha na amerudi shule. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ulipandisha hasira sana, na salio likaisha kabla sijakueleza. Ni kweli nilikwenda Buguruni kwa baba yako mkubwa kumwomba fedha. Ni kweli pia kwamba alinipa nikapokea. Sikudhalilika, na wewe usione haya kwa ajili yangu.

Nilipokaa eda ya baba yako, ile miezi 4 na siku 10, wifi zangu hawakunitupa. Unga ulikuja, mchele ulikuja, na bibi yako alilala chumba kimoja na mimi mpaka arobaini ikapita, na magoti yake yale. Ulijue hilo kabla hujawatia wote kapu moja.

Lakini muda wote huo kodi ya vyumba vitatu vya uani ilikuwa inakwenda Buguruni. Wapangaji waliambiwa tangu siku za matanga wampelekee baba yako mkubwa. Elfu sitini kila chumba kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe. Na mimi hapa nakopa sukari na sabuni dukani kwa Mangi, jina langu limejaa kwenye daftari lake.

Nilipotoka eda nikaenda. Alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Nikamwambia, shemeji, mtoto anataka viatu, madaftari na nauli ya daladala. Ada ya shule ya serikali imefutwa, ila hayo mengine hayajafutwa. Akatoa noti tano za elfu kumi, akazipanga juu ya jamvi, kisha akazifunika kwa kiganja kabla sijanyoosha mkono. Akasema, "Nyumba ya marehemu tuiache ndani ya ukoo. Mambo ya mahakama yanaleta uadui. Mkitulia, watoto hawatalala njaa maadamu mimi nipo."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa ananikatia kipande kidogo cha kodi yetu wenyewe, na bei yake ni ninyi kuisahau nyumba ya baba yenu. Nikamjibu kwa upole, "Shemeji, msaada naupokea, Mungu akuzidishie. La nyumba tutalimaliza kwa mirathi." Akanyamaza kidogo, halafu akainua kiganja. Nikachukua zile noti, nikapitia soko la Karume kununua viatu.

Sasa nisikilize. Shekhe amenipigia hesabu. Kwanza yanatolewa madeni na gharama za maziko, na baba yako mkubwa ndiye aliyelipia sanda na magari, kwa hiyo akidai arudishiwe, arudishiwe. Kinachobaki ndicho kinachogawiwa. Mimi mke nina thumuni, fungu 1 katika 8, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Bibi yako ana sudusi yake, 1 katika 6, na sitaki kusikia mtu anaigusa, hata wewe. Kilichosalia ni chenu, wewe mafungu mawili, mdogo wako moja kwa kuwa ni wa kike. Ndugu wa marehemu hana fungu akiwapo mtoto wa kiume, na mtoto huyo ni wewe. Serikali nayo, katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, imekataza mtu kumnyima mtoto matumizi ya mali ya mzazi wake aliyefariki. Mdogo wako bado mtoto, nani atamsemea kama si sisi?

Nimeshakwenda Temeke, kwenye kile kituo cha mahakama cha mirathi na ndoa. Ngazi zote ziko palepale, kuanzia Mahakama ya Mwanzo mpaka Mahakama Kuu, kwa hiyo huzungushwi mjini. Cheti cha kifo cha RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, ninacho, cheti cha ndoa ninacho. Kilichobaki ni muhtasari wa kikao cha familia unaomtaja msimamizi wa mirathi. Baba yako mkubwa anataka awe yeye. Bibi yako amesema atasimama na mimi, na amelisema mbele yake. Lakini hata familia ikimpendekeza yeye, usimamizi haumpi umiliki. Msimamizi anatakiwa aorodheshe mali na madeni, agawe, na apeleke hesabu mahakamani. Kodi yote aliyokusanya itabidi aieleze.

Na msaada nitaendelea kumwomba, mwanangu. Babu yako angekuwa hai, nisingevuka kizingiti chake kwenda kwa mwingine. Hayupo, na baba yako mkubwa ndiye mkubwa wenu. Akinipa, nitashukuru. Asiponipa, sitamlaumu, maana kutoa ni hiari yake. Ninachokataa ni hiyo hiari yake kuwa malipo ya haki yenu. Ukilishika hilo moja, hutakuwa na sababu ya kumtukana wala ya kumwogopa.

Habari ya kuacha chuo ukatafute kibarua sitaki kuisikia tena. Cheti cha kifo nimekipeleka kuhakikiwa RITA, maana Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inakitaka kwa mwombaji aliyefiwa na mzazi. Nitakutumia nakala.

Likizo ikifika njoo na kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA, na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu wewe ni mrithi mtu mzima na mahakama itataka kujua kama unamridhia msimamizi. Ukishuka kwenye basi, usije moja kwa moja Mbagala. Pita kwanza Buguruni umwamkie baba yako mkubwa, ule chakula chake, umuulize hali. Habari ya kodi usiianzishe, hiyo tutaizungumza kikaoni bibi yako akiwapo.

Mama yako