Barua ya Malalamiko: Mito 12 ya Tarizi ya Korongo Taji

Kikundi cha Watarizi,
Arua, Uganda.

Kwa Meneja,
Karakana ya Mito na Mapazia,
Kampala.

Ndugu Meneja,

YAH: MITO 12 YA TARIZI ILIYOHARIBIWA KATIKA KUSHONWA

Mito 12 mliyotushonea imefika Arua kwa basi. Tumeikagua mmoja mmoja, rula mkononi na karatasi ya agizo mezani. Mmoja umeshonwa vizuri. Mingine 11 haiuziki, na sababu zake si za bahati mbaya.

Tuanze na tulichowakabidhi. Vitambaa 12 vya aida nyeupe, kitambaa cha kutarizia kilichofumwa kwa miraba yenye matundu, miraba 14 kwa inchi, kila kimoja sentimita 50 kwa 50. Katikati yake kuna korongo taji, ndege wa bendera yetu, aliyetariziwa kwa mishono ya misalaba 140 kwa 140, yaani sentimita 25 na ushei kila upande. Tulileta pia kitenge cha kuweka nyuma. Bei tuliyokubaliana ni shilingi 45,000 kwa mto, jumla 540,000, na nusu yake, 270,000, mmeshaipokea. Bei hiyo ilikuwa ya kufua, kupiga pasi, kushona, paipingi (kamba iliyovikwa utepe wa kitambaa kuzunguka ukingo), zipu na mto wa ndani. Vipimo vyote viliandikwa kwenye agizo, na nakala yake mnayo.

Mito 5 imeharibiwa na pasi. Mistari ya buluu mliyoiona kwenye vitambaa vile ilikuwa ya kalamu ya kupimia, ile inayotoka kwa maji baridi peke yake. Ikipata moto kabla ya maji, hugeuka kahawia na kung'ang'ania kwenye nyuzi. Ndiyo maana agizo lilisema kwa herufi kubwa: MAJI KWANZA, PASI BAADAYE. Fundi wenu aliruka maji akaenda moja kwa moja kwenye pasi. Tena aliipitisha juu ya uso wa tarizi, kwa hiyo misalaba imelala kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. Kwenye mito 3 kati ya hiyo, taji la korongo limeyeyuka. Uzi ule wa kung'aa si dhahabu jamani, ni utando wa plastiki, na pasi ya joto la pamba huukunja ukawa vidonge vigumu vinavyokwaruza kidole. Tarizi hupigwa pasi kifudifudi: taulo iliyokunjwa mara mbili chini, uso wa kazi ukiwa umelala juu ya taulo, kitambaa chembamba cha pamba chenye unyevu kikiwa juu yake. Pasi hubonyezwa na kuinuliwa, haisuguliwi. Penye uzi wa kung'aa, joto liwe la chini kabisa.

Miwili mingine ilifuliwa, lakini ingekuwa heri isingefuliwa. Korongo taji ana shavu jeupe na kifuko chekundu kooni, na vitu hivyo viwili vinakaribiana mno. Uzi mwekundu uliokolea ndio unaochuja rangi kuliko nyuzi zote. Kila mtarizi anajua. Shavu la ndege wenu sasa ni la waridi mpaka kwenye kidevu, na aida pembeni ina alama ya mkunjo wa waridi. Alama hiyo inaonyesha kilichotokea: kitambaa kililowekwa kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, kisha kikakunjwa kingali kibichi. Kazi ya namna hii hufuliwa kwa maji baridi na tone la sabuni ya maji, hailowekwi, na rangi ikianza kutoka unaendelea kusuuza mpaka maji yawe meupe. Hukamui. Unaiviringisha ndani ya taulo, unaibonyeza, kisha unaianika ikiwa imelala kivulini. Rangi ikichuja na kitambaa hakijakauka, bado kuna matumaini. Ikishakauka na kupigwa pasi, basi tena.

Mito 4 inafumuka, na hili ndilo lililotushangaza zaidi kwa karakana yenye cherehani nzuri kama zenu. Mto wa sentimita 40 unahitaji kitambaa cha sentimita 43, ili kila upande ubaki na sentimita 1.5 ya kushonea. Ninyi mlikata sentimita 41, mkashona nusu sentimita kutoka ukingoni. Hebu hesabuni: aida hii ina miraba mitano na nusu kwa sentimita, kwa hiyo nusu sentimita haifiki hata miraba mitatu. Kinachoushika mto mzima ni miraba miwili na kitu, ya kitambaa ambacho kimefumwa kwa matundu na hutatuka kwa kuguswa tu. Kingo hazikupitishwa ovaloki wala zigizagi, mishono ya kuzuia nyuzi zisifumuke. Tulipoubonyeza mto wa kwanza kwa viganja, mshono wa kulia ukaachia sentimita 6 palepale. Tena mkato wenyewe umefuata chaki badala ya kufuata mstari wa matundu, kwa hiyo korongo wawili kati ya hao wanne wameinama kama wanaosikiliza kitu ardhini.

Paipingi nayo, ukiacha ule mto mmoja mzuri. Kamba ya milimita 5 inataka utepe wa upana wa sentimita 5, uliokatwa mshazari, kwa sababu kitambaa cha mshazari hunyumbuka na kupinda kwenye kona. Wenu umekatwa wima, basi kila kona ina mikunjo mitatu minne. Urefu ni sentimita 160 za kuzunguka mto pamoja na 10 za kuungia, na kiungo hukaa upande wa chini. Ninyi mmekiweka juu, kwenye kona, mahali ambapo jicho hufika kwanza. Kona zenyewe zimechomoza kama masikio ya mbuzi. Dawa yake haina gharama: ukibakiza sentimita 10 kufika kwenye kona, anza kuingiza mshono ndani kidogo kidogo, hadi kwenye kona yenyewe uwe umeingia sentimita 1. Mto ukijaa, kona inaonekana mraba.

Yote 12 haina zipu. Imejazwa vipande vya sponji moja kwa moja, bila mto wa ndani, kisha ikafungwa kwa mkono. Maana yake haifuliki, na vipande vinaonekana vikitutumka nyuma ya tarizi. Tuliagiza zipu ya sentimita 35 upande wa chini, na mto wa ndani wa sentimita 43 wenye gramu 500 za pamba ya poliesta. Zipu hushonwa kwanza, kabla ya pande nyingine tatu, na huachwa nusu wazi ili mto uweze kugeuzwa. Si kazi ya saa nzima.

Sasa tunachodai. Mito 7 iliyoungua na kuchuja rangi hatutailipia, na tunataka turudishiwe amana yake, shilingi 157,500. Thamani ya tarizi yenyewe tutaijadili ana kwa ana, kwa kuwa hakuna pasi wala sabuni itakayoirudisha. Mito 4 inayofumuka ifumuliwe kwa wembe, kwa uangalifu. Mishono yake haina pa kusogea tena, kwa hiyo kila kitambaa kishonewe bitana ya pamba nyuma, kizungushiwe fremu ya kitenge, kisha mto ushonwe upya kwa gharama yenu. Kitenge kifuliwe kwanza, la sivyo kitapungua ukubwa siku ya kwanza ya kufuliwa na kuikunja tarizi. Ule mto mmoja mzuri utiwe zipu na ujazo sahihi.

Tunawapa siku 14 kutoka siku mtakayopokea barua hii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma afanye kazi kwa uangalifu na ustadi unaostahili, na madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu wake wa madai madogo mahakamani, usiohitaji wakili. Tungependa tusifike huko.

Jambo la mwisho, kuhusu ule mto mmoja. Aida yake imekatwa kwa kufuata matundu, utepe ni wa mshazari, kona zimeingizwa ndani, na paipingi imebanwa na kiguu cha zipu, kile chembamba cha cherehani, mpaka mshono wa kwanza hauonekani. Aliyeushona yuko hapo karakanani kwenu. Hii mingine 4 tunaomba apewe yeye, si mwingine.

Wenu,
Kikundi cha Watarizi, Arua

Viambatisho: nakala ya agizo, risiti ya amana, picha 24 za mito, mbele na nyuma.