Mtandao umeshika, habari haiendi: kutuma simulizi zako ukiwa mlimani

Wateja wanaorudi kutoka mlimani hutuletea lalamiko lilelile. Kifaa cha setilaiti kilionyesha mtandao umeshika, alama zimejaa, lakini nyumbani hakikufika kitu. Mtu amepanda wiki tatu, ndugu na marafiki wanaamka wakitafuta habari zake, na cha mwisho walichosoma ni siku aliyofika kambi ya msingi. Kazi yetu ni kukodisha na kuandaa vifaa vya mawasiliano kwa wapandaji, na tunapokaa na mteja kuchunguza kilichotokea, mara nyingi setilaiti haina kosa. Kosa liko kwenye uzito wa kile alichojaribu kutuma.

Tupige hesabu kidogo. Simu ya mkononi ya kampuni ya setilaiti ya Iridium, ile ya kawaida, hupitisha data kwa kasi ya biti 2,400 kwa sekunde. Hizo ni kama herufi 300. Habari ya maneno 600 ina herufi elfu nne na ushei, kwa hiyo hupita kwa sekunde 15 hivi simu ikishaunganishwa. Sasa chukua picha moja ya megabaiti 4, kama zinavyopigwa na simu nyingi za leo. Kwa njia hiyohiyo ingehitaji zaidi ya saa tatu na nusu, tena bila kukatika hata mara moja. Hakuna betri wala anga itakayokuvumilia hivyo. Lakini picha hiyo ukiipunguza hadi kilobaiti 40, inapita kwa dakika mbili na kitu, na msomaji bado anauona uso wako na barafu iliyoganda kwenye ndevu.

Ndiyo maana tunasisitiza: maneno yatangulie, picha ifuate katika ujumbe wake peke yake. Ukivibeba pamoja, picha ikikwama inakwamisha na maneno. Na kabla hujaunganisha simu yako ya kawaida au kompyuta na kifaa cha setilaiti, zima masasisho ya programu na zima kuhifadhi picha mtandaoni. Tumewahi kupokea kifaa ambacho bando lake lote lilimalizwa usiku mmoja na simu iliyokuwa ikijisasisha yenyewe mfukoni, mwenyewe amelala.

Kukatika nako kuna aina zake, na dawa hazifanani. Setilaiti za Iridium zinazofanya kazi ni 66, zinazunguka dunia kwa urefu wa kilomita 780 hivi na hazisimami. Ukiwa kwenye bonde jembamba unaona kipande tu cha anga, kwa hiyo moja inatoweka nyuma ya jabali kabla nyingine haijajitokeza. Hapo dawa ni kusubiri dakika chache na kujaribu tena. Vifaa vya kampuni nyingine, Inmarsat na Thuraya, vinategemea setilaiti zilizo juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, ambazo kwako wewe zinaonekana zimesimama palepale. Ukiwa Himalaya umepiga hema upande wa kaskazini wa ukingo mrefu, mlima wenyewe umekaa kati yako na setilaiti. Subiri hata siku mbili, haitatokea. Lazima uhame mpaka mahali ambapo anga ya kusini iko wazi. Wapo waliokata tamaa kambini kumbe mwendo wa mita mia mbili ungetosha.

Sahani za Starlink, za intaneti ya setilaiti, zimeleta kasi ambayo zamani hakuna aliyeiota mlimani, hata video inapita. Ila zinakula umeme mwingi kuliko simu ya mkononi, zinataka sola kubwa na betri nzito. Kwa maoni yetu hicho ni kifaa cha kambi ya msingi, si cha kubeba mgongoni kuelekea kilele. Na usiidharau simu yako ya kawaida. Mtandao wa 3G ulifikishwa karibu na Everest mwaka 2010, na tangu 2022 kuna intaneti katika kituo cha Horombo kwenye Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hata pasipo na mnara karibu, mgongo wa mlima unaotazama mji wa bondeni huweza kukupa mawimbi usiyoyapata kambini.

Baridi ndiyo inayoua vifaa vingi. Betri ya lithiamu ya kuchajiwa hupoteza nguvu inapopoa, na hilo hurekebishika ikipata joto. Kisichorekebishika ni kuichaji ikiwa chini ya nyuzi 0: lithiamu huganda kama utando ndani yake, na uwezo uliopotea haurudi. Lala na betri ndani ya mfuko wa kulalia. Chaji mchana, sola ikiwa nje juani na betri ikiwa ndani ya hema. Kwa kifaa cha dharura beba betri za lithiamu zisizochajiwa, ambazo huvumilia hadi nyuzi 40 chini ya sifuri.

Uliza pia kuhusu vibali mapema. India, kwa mfano, simu za Thuraya na Iridium haziruhusiwi bila idhini ya serikali, na wageni wamekamatwa kwa kubeba simu ya setilaiti bila kujua. Sisi hatumkabidhi mteja kifaa kabla hatujajua anakwenda nchi gani.

Jambo tunalolijali kuliko kifaa chochote ni makubaliano na wanaokusubiri. Hillary na Tenzing, watu wa kwanza kujulikana kufika kilele cha Everest, walipofika huko tarehe 29 Mei 1953, mjumbe alikimbia na habari mpaka mji mdogo wa Namche, ikarushwa kwa redio kwa lugha ya siri waliyoipanga kabla: theluji mbaya maana yake mlima umepandwa. London waliisoma gazetini tarehe 2 Juni. Nawe panga maneno yako machache, yanayotosha ujumbe mmoja wa herufi 160. Panga hasa maana ya kimya: siku ngapi ni betri tu, na siku ya ngapi nani ampigie nani. Familia nyingi zimeteseka kwa kimya ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Na ikitokea ajali kambini, usitangaze jina la mtu, hata kwa nia njema, mpaka wa kwao wameambiwa kwanza.

Ukija kuchukua kifaa, njoo na simu utakayopanda nayo. Tutatoka nje pamoja, utaandika habari fupi kwa vidole vyako ukiwa umevaa glavu zako, utaituma na picha moja iliyopunguzwa, na hatutaondoka hapo hadi mtu wako wa nyumbani athibitishe kwamba zote mbili zimemfikia.