Nani atapanda mwakani? Barua kutoka Melbourne

Melbourne,
14 Desemba 2025

Kwa swahiba wangu Mwinyi,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, watoto wamefunga shule na joto limeanza kutuchoma. Hela za Bi Mkubwa nimeshazituma, mwambie aangalie simu yake, na akiona kimya anipigie yeye mwenyewe badala ya kukutuma wewe.

Sasa tuje kwenye lile ulilonicheka. Uliniuliza: ligi yenu ya AFL, ya huo mpira wa Kiaustralia wa kudaka na kupiga, imekwisha Septemba, Desemba watu wanabishania nini? Ndugu yangu, ubishi wenyewe ndio kwanza unaanza. Brisbane waliwapiga Geelong 122 kwa 75 pale uwanja wa MCG, hapa Melbourne, mbele ya watu laki moja, wakachukua ubingwa kwa mara ya pili mfululizo, na habari ya fainali ikaishia hapo. Kuanzia siku hiyo mpaka Machi hakuna mpira, na pasipo na mpira kila mtu ni kocha. Swali linalogombaniwa ni moja: nani atapanda mwakani? Nani bora hawaulizi, hilo lina medali zake. Wanamtafuta yule ambaye leo ni mchezaji wa kawaida tu, halafu mwakani awe gumzo la mji, ili waseme sisi tulimwona mapema.

Kule bohari tumeliwekea utaratibu. Kila mtu anaandika majina matano kwenye karatasi, karatasi inabandikwa kwenye mlango wa friji, na Septemba ijayo mwenye majina mabovu kuliko wote anawalisha wenzake. Sharti ni kwamba usiandike mtu ambaye tayari ni nyota. Bila sharti hilo wote tungeandika Nick Daicos wa Collingwood tukaenda zetu nyumbani. Lakini nyota ni nani? Hapo tu tulikunywa chai mbili tukigombana.

Mzee mmoja anayeendesha foklifti, Collingwood wa damu, ana kanuni yake: mwaka wa kwanza mtoto anashangaa, wa pili anaumia, wa tatu anacheza. Kwa hiyo majina yake yote matano ni ya vijana wanaoingia mwaka wa tatu. Ukimuuliza sababu, anakunyooshea vidole vitatu na kuendelea na mkate wake. Kanuni hiyo wanayo wengi huku, na haikukosa ukweli wote. Kijana anachaguliwa na timu akiwa na miaka 18, mwili bado wa shule, anakwenda kugongana na majitu yaliyobeba vyuma miaka kumi. Lazima apewe muda.

Mimi nasema mwaka si hoja. Mchezaji anapandishwa na nafasi. Ukitaka kujua nani atang'ara, usihesabu umri wake. Tazama nani kaondoka mbele yake, nani kaletwa kumsaidia, na kocha anataka kumsimamisha wapi uwanjani.

Chukua Aliir Aliir, na huyu nakuandikia makusudi maana ni wa kwetu kwa kuzaliwa. Alizaliwa Kakuma, kule Turkana, familia yake ikiwa imekimbia vita Sudan, akaletwa Australia akiwa mtoto. Sydney walimchagua mwaka 2013 akiwa namba 44, yaani wenzake 43 walishaitwa kabla yake. Akakaa pale miaka, mara ndani mara nje, leo beki, kesho wanamtuma katikati kurukia mpira na majitu. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide. Msimu wake wa kwanza tu, akiwa na miaka 26, akaingia kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Miguu ilikuwa ile ile na mikono ile ile. Ila Port walimwacha afanye kazi moja: amwache mtu wake, asome mpira unakotua, aende akaudake. Na huku, Mwinyi, ukiudaka mpira uliopigwa mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini, mchezo unasimama kwa ajili yako na unapiga bila kusumbuliwa. Beki anayedaka hivyo mara kumi kwa mechi anaiua timu pinzani bila kumkaba mtu. Kwa kanuni ya Mzee wa foklifti, Aliir alikuwa ameshafutwa zamani.

Mfano wa pili ni wa timu yangu, kwa hiyo nivumilie. Unajua nilivyojitwika St Kilda, timu yenye ubingwa mmoja tu, wa 1966, tena kwa pointi moja. Tuna kijana anaitwa Nasiah Wanganeen-Milera, wa drafti ya 2021, yaani ule uchaguzi wa vijana wa kila mwaka, namba 11. Miaka ya mwanzo alichezeshwa beki wa pembeni, anatoa mpira nyuma kwa mguu mzuri sana, watu wanampenda kama anavyopendwa mpishi mwema kwenye harusi ya mtu mwingine. Mwaka huu wakaanza kumsogeza kiungo, na mbele pia. Julai tulicheza na Melbourne pale Docklands, nami nilikuwepo na shemeji yako. Robo ya mwisho inaanza, tuko nyuma kwa pointi 46. Watu wa safu yetu wakaanza kukunja skafu na kuwavisha watoto makoti. Shemeji yako naye alishasimama, begi begani. Nikamwambia kaa, treni sasa hivi imejaa.

Bwana wee. Goli likafuata goli, na goli moja huku ni pointi sita. Zikabaki sekunde chache, Nasiah akafunga, mizani ikawa sawa. Mpira ukarudishwa katikati, na hapo Melbourne wakakosea kujipanga: sheria inataka kila timu iwe na watu sita mbele, sita kati, sita nyuma, nao hawakutimia. Refa akatupa mpira wa adhabu. Ukapigwa mrefu mbele, na nani anaruka kuudaka? Yule yule. King'ora cha kumaliza mechi kikalia mpira uko mikononi mwake. Huku king'ora hakimnyang'anyi mtu mpira alioudaka, kwa hiyo uwanja mzima ukasimama kumngojea yeye tu. Alirudi hatua zake taratibu, akaja, akapiga, ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu. Katika historia yote ya ligi hii hakuna timu iliyowahi kuwa nyuma kiasi kile mwanzo wa robo ya mwisho ikashinda. Shemeji yako begi lilikuwa bado begani.

Niambie sasa: mguu ule aliupata mwaka huu? Alikuwa nao siku zote. Kilichobadilika ni mahali alipopewa kusimama.

Kuna na wale ambao mashabiki huwazika mapema kwa sababu ya majeraha. Charlie Curnow wa Carlton goti lilimweka nje 2020 yote, akarudi mwishoni mwa 2021, na mwaka huo hungemsikia mtu akimtaja. Mwaka 2022 akawa mfungaji bora wa ligi, 2023 akarudia. Sasa Oktoba amehamia Sydney na bohari imegawanyika. Wengine wanasema Sydney watampa mipira mizuri kuliko aliyokuwa akiipata, wengine wanasema goti ni goti. Kwenye karatasi haruhusiwi kuandikwa, lakini ubishi wake umekula muda kuliko wote walioandikwa.

Jina lililoleta kelele za kweli ni Harley Reid wa West Coast. Aliitwa wa kwanza katika drafti ya 2023, nchi nzima inamjua, na timu yake mwaka huu imeshinda mechi moja tu msimu mzima. Moja! Watu wamechoka kumngoja, wanasema ana maneno kuliko mpira. Mimi naona wanamwonea. Kijana yuko peke yake katikati, kila wiki anawekewa mtu wa kumshika jezi, na wenzake hawana wa kumfungulia njia. Timu iliyoshika mkia ndiyo huchagua mapema, na mwezi jana West Coast wamemchukua Willem Duursma, namba moja wa mwaka huu. Reid hahitaji kubadilika hata chembe. Akipata wawili watatu wa kumbebea mzigo, wale wanaomcheka watajifanya hawakusema. Nimemwandika wa pili.

Wa kwanza wangu ni Mac Andrew wa Gold Coast. Hapa sina siri, nilishawishiwa. Tunafanya kazi na kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kakuma, Kiswahili chake cha Turkana kinanifurahisha kuliko hata mpira wenyewe, na yeye kila mwaka jina la kwanza ni hilo. Mac alizaliwa Misri, wazazi wake ni wa Sudan Kusini, akakulia hapa hapa Melbourne, akachaguliwa namba tano 2021. Ni mrefu karibu mita mbili na anaruka utadhani ana mtu anamsukuma kwa chini. Warefu hukawia, mwili wao unahitaji miaka zaidi kukutana na akili, ndiyo maana ile kanuni ya mwaka wa tatu haiwafai kabisa. Ni beki, lakini 2024 alipelekwa mbele na akawapiga Essendon kwa goli la baada ya king'ora. Na timu yake sasa imekomaa: mwaka huu wamecheza mtoano kwa mara ya kwanza tangu waingie ligi 2011, kocha ni Damien Hardwick aliyewapa Richmond ubingwa mara tatu, na wamemleta Christian Petracca kutoka Melbourne. Beki wa timu inayomiliki mpira ana nafasi ya kuruka. Beki wa timu inayosukumwa anahema tu.

Wenzangu walidhani nitajaza karatasi na St Kilda. Nimekataa. Tumemleta Tom De Koning kutoka Carlton kwa pesa nyingi, na kila shabiki wetu anaapa kwamba huyu ndiye. Lakini Rowan Marshall bado yupo, na wote wawili kazi yao ni ile ile ya kurukia mpira katikati. Wanaume wawili wakubwa, mlango mmoja. Kocha akipata njia ya kuwapanga nitafurahi kuliko wote, kumwandika, hapana. Shemeji yako ananiita msaliti.

Majina ya tatu na ya nne nimeyaficha, maana barua zangu unazisomea watu barazani na jamaa yako mmoja yuko Perth, habari zitafika kabla ya bohari yetu kufunguliwa Januari. Lakini nafasi ya tano iko wazi. Nitakutumia video kadhaa za vijana watatu, usisikilize watangazaji, zima sauti. Angalia tu wanasimama wapi kabla ya mpira kufika. Wewe ulicheza kiungo Bandari ya vijana, jicho unalo. Nipe jina moja kabla ya Machi, na ukinikosesha, chakula cha watu wa bohari tunagawana gharama.

Msalimie Bi Mkubwa, na wote wa barazani.

Ni mimi swahiba wako,
Hamisi