Vijana wetu mnaokwenda Uholanzi, lifuateni waridi

Wajukuu zangu wa Nakuru, na nyinyi wawili mliojiunga nao kutoka Kisumu,

Salamu kwanza. Majina yenu nimeyasikia kanisani na kwenye harambee: mmepata nafasi ya wiki nne Uholanzi, kozi fupi ya biashara ya kimataifa na utamaduni. Hongera. Kuna mzazi aliyeuza mtamba, kuna aliyekopa kwenye chama, na sisi majirani tumetoa tulichokuwa nacho. Kwa hiyo nimejipa ruhusa ya kuwasumbua kidogo, tena hadharani, ili na watakaowafuata mwakani wasome.

Wiki nne si digrii. Cheti mtakachopewa kitapendeza kwenye fremu pale sebuleni kwa mama, lakini mwajiri wa hapa Nakuru atakitupia jicho mara moja tu. Mengi mtakayofundishwa darasani mngeweza kuyapata Chuo Kikuu cha Egerton hapa kwetu, bila viza wala koti zito. Ambacho Egerton haiwezi kuwapa ni kusimama upande wa pili wa biashara ambayo nyinyi mmezaliwa upande wake huu. Hilo ndilo nililonalo; mengine ni nyongeza.

Nimefanya kazi kwenye pakihausi ya maua Naivasha, yaani banda la kuyapanga na kuyafunga, hadi nikastaafu, miaka mingi nikiwa supavaiza wa ubora. Waridi nalijua tangu linapokatwa kwenye grinihausi. Linaingizwa kwenye chumba cha baridi, linapangwa kwa urefu wa shina, sentimita 40, 50 au 60, linafungwa mafungu, linatiwa kwenye maboksi, na usiku lori la baridi linapanda nalo ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Macho yetu yaliishia hapo. Siku mbili tatu baadaye ilikuja barua pepe: maboksi kadhaa yamefika na ukungu, bei imekatwa. Nani aliyafungua? Yalikaa wapi, kwa saa ngapi, kwenye joto gani? Hatukuwa na la kujibu. Ofisi ilikubali makato, nasi bandani tukaambiwa tuongeze bidii.

Basi nendeni mkaione safari inakoishia. Karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol kuna mji uitwao Aalsmeer, na hapo uko mnada mkubwa wa maua wa Royal FloraHolland. Ombeni mapema mpelekwe. Msiende saa nne mkiwa mmeshiba chai. Biashara yenyewe huanza alfajiri. Bei pale haipandi kama kwenye mnada wa ng'ombe. Inaanzia juu na kuteremka upesi, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mnunuzi. Ukisita, mwenzako amechukua. Ukiwa na pupa, umelipa zaidi. Shehena moja huuzwa kwa sekunde chache, na wanunuzi wengi siku hizi hata ukumbini hawapo, wako kwenye kompyuta zao. Mtindo huu wa kuuza ulianza na mboga katika kijiji cha Broek op Langedijk mwaka 1887, kabla reli haijafika Nakuru yetu.

Mkishapiga picha (najua mtapiga), ulizeni swali ambalo watalii hawaulizi: mnada huu ni mali ya nani? Ni ushirika. Wenyewe ni wakulima. Mwaka 1911 wakulima wa Aalsmeer na majirani zao walianzisha minada miwili iliyoshindana, mwaka 1968 ikaungana, na miungano mingine ikafuata. Sasa jifikirieni nyinyi, mliozaliwa katika mji ambao babu zenu waliuza pareto na maziwa kupitia vyama na bodi. Nani kati yenu hajamsikia mzee akilaani malipo yaliyochelewa? Kwa nini ushirika wa wale umesimama zaidi ya karne moja na mingi ya kwetu ikalala? Wakurugenzi wanachaguliwaje? Mkulima analipwa baada ya siku ngapi, na anakatwa nini? Mkulima wa Kenya akitaka kuwa mwanachama, anatakiwa alete nini? Mwandameni mhadhiri kwa maswali haya mpaka awakwepe kwenye korido. Mkirudi na majibu hayo peke yake, pesa zetu zimelipa.

Ulizeni pia kuhusu maua yasiyopita mnadani. Supamaketi kubwa za Ulaya hununua moja kwa moja kwa mkataba, bei ikiwa imekwisha kupangwa. Mkulima gani ananufaika na njia ipi? Mimi nina maoni yangu, ila sitawapa, nataka mje na yenu.

Darasani watawaeleza sana habari za ushuru. Sikilizeni, lakini mjue kwamba kwa maua yetu ushuru si kizuizi. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na bidhaa zetu zinaingia huko bila ushuru. Kinachomnyima mkulima wa Naivasha usingizi ni mdudu, yule nondo tunayemwita FCM, ambaye kiwavi wake hujificha ndani ya waridi. Tangu Aprili 2025 Ulaya imekaza masharti juu yake, na KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea, hawatoi cheti mpaka mfuate utaratibu mzima kuanzia shambani. Kiwavi mmoja akionekana upande ule, shehena yote imekwama. Tena kuna usafiri. Ndege ni ghali, kwa hiyo wengine wamehamia meli kutoka Mombasa, lakini mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zikalazimika kuzunguka kusini mwa Afrika. Waridi halijui siasa, linanyauka tu. Mwalimu akiwauliza hatari za biashara ya kimataifa ni zipi, msimsomee kitabu. Mwelezeni hayo.

Nyinyi wa Kisumu msidhani nimewasahau. Mlikuwa hamjazaliwa Ulaya ilipopiga marufuku samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999, kwa hofu ya watu kuvua kwa sumu. Viwanda vya minofu vilisimama, na Kenya haikuruhusiwa kurudi sokoni hadi mwishoni mwa 2000. Waulizeni wazazi wenu mwaka ule ulikuwaje. Mpaka leo mnofu wa sangara unapanda ndege, na mgongo wazi, ile mifupa iliyokwisha kutolewa minofu, unabaki mtaani Obunga kukaangwa na akina mama. Huko Uholanzi samaki huyo huitwa victoriabaars. Mtafuteni dukani, andikeni bei ya kilo, kisha muiweke kando ya bei ya ufuoni Dunga wiki hiyo hiyo. Pengo mtakaloliona si wizi wote. Ndani yake kuna barafu, kuna ndege, kuna maabara, kuna kodi. Kazi yenu ni kuligawa vipande mpaka mjue kila kipande kinakwenda kwa nani.

Sasa utamaduni. Waholanzi husema wanachofikiri. Kuna mnunuzi mmoja aliyetuandikia sentensi mbili, hakuna salamu, hakuna "hamjambo huko": mashina ni mafupi, rekebisheni. Ofisini tuliisoma kama tusi, watu wakanuna siku nzima. Yeye wala hakuwa na hasira, na wiki iliyofuata aliongeza oda. Mtaambiwa kazi yenu ni mbovu na aliyesema atawakaribisha kahawa dakika hiyo hiyo. Inyweni.

Zaidi ya hapo, chungeni midomo yenu wenyewe. Sisi tuna "tutaona", tuna "nitajaribu", na tunajua inamaanisha hapana. Yule ataandika kwenye kalenda yake kwamba umekubali. Kama huwezi, sema huwezi. Kama mmepatana saa tatu, fika saa tatu kasoro dakika tano. Huko hakuna msongamano wa Gilgil wa kusingizia. Mhadhiri atataka mmwite kwa jina lake la kwanza. Mwiteni tu, ingawa najua mtasikia vibaya. Chakula cha mchana ni mkate na jibini, ugali wekeni akiba ya moyoni. Njia ya lami nyekundu ni ya baiskeli, msitembee juu yake. Na kiangazi jua linachelewa kuzama hadi saa nne usiku, kwa hiyo laleni kwa saa, msingoje giza.

Mtapelekwa Amsterdam na kusimuliwa habari za VOC, kampuni ya Uholanzi ya biashara ya India Mashariki iliyoanzishwa 1602 na hisa zake kuuzwa kwa umma. Ni sehemu ya somo lenu, isikieni. Kisha ulizeni kwa adabu waliolipia faida ile walikuwa nani. Si swali la uchokozi: tarehe 1 Julai 2023 Mfalme Willem-Alexander mwenyewe aliomba radhi hadharani, pale Amsterdam, kwa utumwa.

Karatasi, kwa ufupi. Ombi la viza ya muda mfupi lipelekwe angalau siku 15 kabla ya safari, ila mkingoja hapo mmechelewa. Mlango unafunguliwa miezi sita kabla. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Kanuni za viza za Ulaya huwasamehe ada wanafunzi wanaokwenda masomoni, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa, ingawa wakala anayepokea fomu anaweza kudai gharama zake. Karo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, si kwa simu ya mtu, hata akiwa binamu. Mnakumbuka wazazi walioandamana Eldoret mwaka 2023 kwa ajili ya karo waliyolipa watoto wao wakasome Ufini na Kanada, isifike vyuoni. Sitaki kuwaona wenu barabarani.

Kabla ya hayo yote, Jumamosi ijayo nimewaombea ruhusa mtembelee pakihausi moja Naivasha, mwone waridi linavyotoka huku kabla hamjaliona kule. Matatu itaondoka hapa Lanet saa kumi na moja alfajiri, na dereva haongezi dakika. Kila mmoja aje na daftari na kalamu, simu si daftari. Vaeni sweta, maana kwenye chumba cha baridi tutakaa nusu saa nzima, na binti wa Kisumu aliyekuja mkutanoni na ndala atafute viatu vya kufunika vidole, la sivyo mlinzi atamwacha getini.

Ni mimi, nyanya yenu wa Lanet.