Tusilisome neno "must" bila maneno yanayolifuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo, la walimu na ubao wao, lakini ambalo hivi karibuni limemgharimu kijana wa jirani yangu nauli ya safari mbili. Kijana huyo alikuwa akifuatilia cheti chake katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ukutani palikuwa na tangazo la Kiingereza, na chini yake tafsiri ya Kiswahili. Kiingereza kilisema: "Certificates may be collected from the registry from Monday and must be collected by 30 June." Kiswahili kikasema: "Vyeti vinaweza kuchukuliwa kutoka masijala kutoka Jumatatu na lazima vichukuliwe na 30 Juni." Kijana aliposoma "vinaweza" alielewa kwamba jambo lenyewe halina uhakika, kwamba vyeti huenda vikawapo na huenda visiwepo, akaona heri asubiri. Sehemu ya pili hakuielewa kabisa, na simlaumu, kwa sababu imeandikwa kana kwamba 30 Juni ni mtu atakayekuja na mkoba wake kuvichukua. Aliporudi Julai akaambiwa muda umepita na vyeti vilivyobaki vimerudishwa makao makuu.

Ningependa kumlaumu aliyetafsiri, lakini nilifundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka ishirini na najua kosa hili lilikozaliwa. Lilizaliwa ubaoni kwangu. Wiki moja niliandika kwamba "can" ni kuweza, "may" ni huenda, "must" ni lazima na "should" ni kupaswa. Wiki kadhaa baadaye, katika somo jingine, niliandika kwamba "in" ni katika, "from" ni kutoka, "until" ni mpaka na "by" ni na au kwa. Wanafunzi walikariri orodha zote mbili na wengi walifaulu mitihani yao. Nisichowaonyesha ni kwamba vitenzi hivi visaidizi na virai vihusishi vinavyovifuata, yaani mafungu ya maneno kama "in the office" au "by Friday", hukutana kila siku katika sentensi moja, na kwamba mara nyingi ni kirai, wala si kitenzi, kinachoamua maana ya sentensi nzima.

Mtu akisema "She must be in the office", kwa kawaida hatoi amri yoyote. Anakisia, labda kwa kuwa ameona taa inawaka, na sisi tungesema "Bila shaka yumo ofisini." Ongeza maneno mawili tu, useme "She must be in the office by eight", na kule kukisia kunatoweka: sasa ni wajibu, kwamba ifikapo saa mbili awe ameshafika. (Ndiyo, "eight" hiyo ni saa mbili yetu, na mwanafunzi anayeiandika saa nane ana tatizo jingine kabisa.) Ukitaka kuweka "since eight" mahali pa "by eight", Kiingereza kitakulazimisha kubadili na kitenzi chenyewe, useme "She must have been in the office since eight", na hapo tumerudi kwenye kukisia: bila shaka yumo humo tangu saa mbili. Neno "must" halikuguswa katika sentensi zote tatu. Aliyekariri kwamba "must" ni lazima atapata moja na kukosa mbili.

Kiswahili kina tofauti hiyohiyo, ila kimeihifadhi mahali pengine. Sisi husema "Lazima atakuwa ofisini" tunapokisia, na "Lazima awe ofisini" tunapoagiza, na mtoto wa miaka sita hawezi kuzichanganya. Tofauti imo ndani ya kitenzi, katika "atakuwa" na "awe". Kitenzi cha Kiingereza kinachofuata "must" hakibadiliki hivyo. Kinabaki "be" vilevile, na msomaji inambidi atazame mbele aone kilichoandikwa baada yake. Ndiyo maana msomaji wetu, aliyezoea kuupata ujumbe mapema ndani ya kitenzi, hufika kwenye "by eight" akiwa ameshaamua maana.

Zamani uhusiano wa "must" na kirai chake ulikuwa wa karibu zaidi hata kuliko sasa. Katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare anamfanya mwana wa mfalme amwambie mama yake "I must to England", bila kitenzi chochote cha kwenda. "Must" na kirai cha mahali vilitosha. Kiingereza cha leo hakikubali tena sentensi hiyo, nami huitaja kwa sababu tu inaonyesha kwamba wenye lugha walipata kuvisikia viwili hivyo kama kauli moja.

Neno "should" nalo lina shida zake, hasa katika karatasi za hospitali. Sentensi "The wound should be dressed for ten days" ni maelekezo: jeraha lifungwe bandeji kwa siku kumi. Sentensi "The wound should heal in ten days" haimwelekezi mtu chochote. Ni matarajio, kwamba siku kumi hazitapita jeraha halijapona. Niliwahi kusahihisha daftari ambamo sentensi ya pili ilitafsiriwa "Jeraha linapaswa kupona kwa siku kumi", kana kwamba jeraha limepewa amri na litaulizwa likikaidi. Nilicheka, kisha nikakumbuka ni nani aliyeandika "should ni kupaswa" ubaoni.

Palipo na hatari zaidi ni kwenye ukanusho. "Must not" si "si lazima", ingawa neno kwa neno inaonekana hivyo. "Si lazima" ndiyo "need not". Sasa mchukue mgonjwa mwenye pakiti iliyoandikwa "must not be taken without food." Akitafsiri kwa orodha yangu ya ubaoni atapata kwamba si lazima kumeza dawa bila chakula, yaani akipenda ameze hivyo, asipopenda basi. Pakiti inamwambia kinyume chake: ale kwanza, ndipo ameze. "Not" imejibana kwenye kitenzi na "without" imejibana kwenye chakula, na vikanushi hivyo viwili kwa pamoja vimeunda amri moja ya kula. Katika Kiswahili amri hiyo haihitaji kikanushi hata kimoja.

Atakayesema kwamba haya ni mambo ya madaftari na pakiti za dawa, namwomba avuke mpaka wa Horohoro aitazame Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 140 inasema kwamba mtu "may file" shauri katika Mahakama ya Juu kupinga kuchaguliwa kwa rais, na baada ya maneno mengine zaidi ya kumi ndipo yanapotokea maneno "within seven days", siku 7 baada ya tarehe ya kutangazwa kwa matokeo. Kisha mahakama "shall" kusikiliza na kuamua "within fourteen days", siku 14 baada ya shauri kuwasilishwa. Na uchaguzi ukibatilishwa, mwingine "shall be held within sixty days". Mwaka 2017 matokeo yalitangazwa tarehe 11 Agosti, upinzani ukawasilisha shauri tarehe 18 Agosti, siku ya saba, mahakama ikatoa uamuzi wa kubatilisha tarehe 1 Septemba, siku ya kumi na nne, na uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 26 Oktoba, ndani ya zile siku 60.

Angalia kazi inayofanywa na "may" hapo. Peke yake ni neno la hiari: anayetaka kushtaki ashtaki, asiyetaka akae nyumbani. Lakini "within seven days" imeipa hiari hiyo ukomo mkali kama wa amri yoyote, na anayekuja siku ya nane hana hiari tena. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inaeleza katika kifungu cha 53 kwamba "may" inapotoa mamlaka maana yake ni kuyatumia au kutoyatumia, na kwamba "shall" inapotoa jukumu maana yake ni kwamba lazima litekelezwe. Maelezo hayo ni mazuri na yana faida, ila yanahusu kitenzi peke yake; anayetafsiri kifungu kizima bado inampasa aulize kirai cha muda au cha mahali kinambana nani, na tangu lini. Tangu Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021, swali hilo limekuwa kazi ya watu wengi, na sidhani kwamba orodha ya ubaoni itawasaidia.

Kwa walimu wenzangu walio bado darasani, ombi langu ni dogo: waache kufundisha vitenzi hivi mwezi huu na vihusishi mwezi ujao. Wachukue sentensi moja ya kawaida, kama "The form must be signed by the headteacher by Friday", wawaulize wanafunzi kwa nini "by" ya kwanza ni "na" na ya pili haiwezi kuwa "na", kisha waibadili "must" kuwa "may" na "by Friday" kuwa "until Friday" na kusikiliza watakavyobishana. Kipindi kimoja cha namna hiyo kina thamani kuliko orodha zangu zote.

Wanaobandika matangazo nao nawaomba wasianze na Kiingereza. Lugha yetu inayo njia yake ya kusema alichotaka kusema mwandishi wa tangazo lile, nayo haina "weza" wala "lazima" wala haigombani na "by": "Vyeti vinatolewa masijala kuanzia Jumatatu. Mwisho wa kuvichukua ni tarehe 30 Juni." Kila karani anaijua kauli ya "mwisho wa", kwa kuwa huitumia mdomoni siku nzima dirishani pake; ni pale anapoketi kutafsiri ndipo anapoisahau. Sentensi hizo mbili nimeziandika kwenye karatasi safi na kumpa yule kijana akaziache ofisini pale, maana cheti chake hakijarudi na safari ya tatu anayo wiki ijayo.

Wako katika ujenzi wa lugha,
Mwalimu Mstaafu,
Tanga.